Kioo cha Bafu Kwenye Sebule ya Karani Deo

Mlango wa kioo wa kusukuma hauanzi kuharibika kwenye kioo. Unaanza chini, kwenye reli, mahali ambapo hakuna anayependa kupiga magoti. Nawaambia mapema kwa sababu ninyi vijana mkiitwa na mwenye nyumba mnasimama mikono kiunoni, mnatazama kioo, mnasema, "Tubadilishe." Hamjauliza hata swali moja. Mimi nilifanya kazi hii mpaka magoti yangu yakakataa, na milango mingi niliyoitiwa haikuhitaji kioo kipya. Ilihitaji mtu wa kutoa mchanga na maganda ya karanga ndani ya reli, na safari moja kijiko cha chai ambacho mpishi wa nyumba ile alikuwa amefukuzwa kazi kwa kukiiba.

Basi pigeni magoti. Safisheni reli kwa mswaki uliochakaa. Pitisheni mshumaa mkavu juu yake, si mafuta, kwa sababu mafuta hushika vumbi na vumbi hugeuka saruji. Mkitaka kuutoa mlango, uinueni kwanza uzame katika mfereji wa juu, ndipo mvute sehemu ya chini kuja kwenu. Nimeona watu wazima, wenye diploma ukutani, wakipigana na mlango kama wanapigana na mwizi, kwa sababu walianza kuvuta kabla ya kuinua.

Mtaniuliza mimi nilijifunza wapi. Swali zuri. Mimi sikuanza ufundi kwa sababu nilishindwa shule. Nilikuwa miongoni mwa vijana wachache wa Bukavu waliotumwa chuo kikuu katika mji mkuu, enzi za Wabelgiji, wakati mtu mweusi mwenye vitabu vya falsafa kwapani alitazamwa barabarani kama twiga. Mama yangu alikuwa ameshaanza kuniita Daktari, ingawa sikusomea udaktari. Tatizo langu lilikuwa maswali. Kulikuwa na profesa mmoja, padre mwenye sauti tamu, aliyetuthibitishia kwamba kila kitu kina chanzo chake, na chanzo kina chanzo chake, mpaka tunafika kwenye chanzo cha mwisho. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini hesabu hiyo inaisha pale pale anapochoka yeye. Darasa lilicheka. Padre hakucheka. Maswali mengine yalifuata, na kabla hawajanitoa nikatoka mwenyewe, kwa sababu nilitaka angalau jambo hilo liwe uamuzi wangu.

Nilirudi Bukavu, mtaani kwetu Kadutu, na sanduku la vitabu. Nikajaribu kazi ya ofisi, nikauliza bosi kwa nini tunaandika barua tatu zenye maneno yale yale, nikarudi Kadutu tena. Jirani yetu, Papa Bisimwa, alikuwa fundi wa vioo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye penseli sikioni hata kanisani, na alinong'oneza nyimbo za misa akifanya kazi. Alimwambia baba yangu anipeleke kwake, angalau nivunje kitu chenye bei. Siku ya kwanza alinisikiliza nikiuliza asubuhi nzima, kisha akanipa jina ambalo mpaka leo wazee wa Kadutu wananiita nalo: Juu-ya-Nini. Kwetu ndivyo tunavyosema "kwa nini."

Hakuchukia maswali. Alikuwa tu na njia yake ya kuyajibu. Alinifundisha kukata kioo kwa diamanti, ile kalamu yenye ncha ya almasi: unavuta mara moja, kwa mkono usiosita, unasikia sauti kama kitambaa kinapasuka, basi. Usirudie juu ya mstari ule ule. Nikamuuliza juu ya nini nisirudie. Akanisogezea kipande cha kioo, akaenda kunywa uji. Nilirudia. Kioo kilikatika kila mahali isipokuwa kwenye mstari. Aliporudi alifagia vipande akasema, "Umepata jibu, ao nikuletee kingine?"

Siku nyingine tulibeba kioo kirefu kutoka Ibanda, mtaa wa wazungu, upepo wa ziwa ukatushika kwenye kona. Papa Bisimwa akaniambia nigeuze ukingo uelekee upepo. Mimi nikaanza kupiga hesabu kichwani ya nguvu ya upepo juu ya eneo la kioo, kwa Kifaransa, na kabla sijafika mwisho wa hesabu kioo kilituzungusha kama jani la mgomba, kikatuingiza katika bustani ya maua ya mama mmoja wa Kizungu. Hatukukivunja. Tulisimama katikati ya waridi zake, tumekikumbatia pande zote mbili, yeye akitutazama kutoka dirishani, nasi tukimtazama kupitia kioo. Papa Bisimwa alivua kofia kwa mkono mmoja, akamwambia bonjour, tukatoka kwa heshima.

Lakini kazi ninayotaka kuwasimulia ni ile ya mtaa wa Bagira, ya mlango wa Karani Deo.

Deo alikuwa karani wa serikali, mwenye tai na baiskeli iliyong'aa. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile zilizojengewa watu waliosoma, na mbele ya sebule alikuwa ameongeza baraza. Kati ya sebule na baraza aliweka kitu ambacho Bagira nzima ilikuja kukitazama: mlango wa kioo wa kusukuma, wa fremu za chuma, uliokuwa umeng'olewa katika nyumba moja ya wazungu kando ya ziwa. Kipande kimoja hakisogei, kingine kinapita mbele yake juu ya magurudumu madogo. Watoto walipanga foleni ili wausukume. Mke wake, Maman Régine, alikuwa anaufuta kila asubuhi kwa gazeti lililoloweshwa siki.

Asubuhi moja Deo alikuja karakana kwetu, amevaa tai, lakini baiskeli anaisukuma akitembea kando yake kama mtu aliyesahau kwamba inapandwa.

"Papa Bisimwa," akasema, "mimi nimekwisha."

"Umekwisha na nini?"

"Mbuzi amepiga mulango. Vioo vyote mbili."

"Mbuzi ya nani?"

Deo akatazama kushoto, akatazama kulia, akajikuna shingo chini ya tai. "Mbuzi ya mutu wa Miti."

Papa Bisimwa akavua kofia. Mimi nikauliza mtu gani wa Miti. Papa Bisimwa akanikanyaga.

Nitaeleza, kwa sababu ninyi mnakula na wakwe zenu kwenye harusi huku mnapigwa picha mdomo wazi. Kwetu Bushi, nchi ya Washi, wakati ule, mwanaume hakulitamka jina la mama mkwe wake. Hakumkodolea macho. Wakikutana njiani mmoja alikaa pembeni. Na zaidi ya yote, hawakuonana wakila. Mkwe kumwona mama mkwe anatafuna ilikuwa aibu ambayo haikusafishwa kwa maji. Walipotaka kusemezana, walisemezana kupitia mtu wa tatu, hata kama wote wako chumba kimoja. Mimi, mtu wa falsafa, niliuliza mara nyingi juu ya nini. Jibu nililopewa ni kwamba ndivyo watu wanavyokaa miaka mingi bila kugombana. Nimeoa, na sijapata hoja ya kulipinga.

Sasa mama mkwe wa Deo, Koko M'Birindwa, maana bibi kwetu huitwa koko, alikuwa ametoka kijijini kwake Miti kuja kukaa kidogo na binti yake, na alikuja na zawadi, mbuzi dume mwenye kifua kama ngoma. Mbuzi alifunguliwa uani, akazunguka mpaka barazani, akaona ndani ya kioo mbuzi dume mwingine anamtazama kwa dharau. Akarudi nyuma. Yule wa ndani naye akarudi nyuma. Yaliyofuata mnaweza kuyawaza. Aliingia sebuleni na pembe zake zote, akasimama juu ya zulia akitafuta adui yake. Kile kipande kisichosogea kilipasuka kutoka kona hadi kona, na kile cha kusukuma hakikubaki kitu.

Deo hakuweza kulalamika. Alalamike kwa nani? Zawadi ya mama mkwe hairudishwi, haipigwi, wala hatumi mtu kumwambia kwamba mbuzi wako ana kiburi. Alimpa mbuzi majani.

Lakini kilichomkondesha hakikuwa kioo. Kilikuwa Odile. Odile alikuwa binti yake wa kwanza, ameng'oka meno ya mbele, na Deo alikuwa ameomba apokelewe katika shule ya watoto wa wazungu. Wakati ule walianza kupokea watoto weusi wawili watatu, lakini kabla ya kumpokea mtoto walikuja kwanza nyumbani kwenu kuona mnaishi vipi. Walitazama kitanda. Walitazama choo. Waliuliza kama mnakula mezani na kwa uma. Mtoto angeweza kujua kusoma kuliko mtoto wa gavana, na sufuria moja chafu ikamfungia mlango. Wageni hao walikuwa wanakuja wiki ile ile, na mbele ya nyumba ya Deo palikuwa na tundu lenye ukubwa wa mbuzi.

"Nikitia mbao," akasema, "watasema tunaishi kama kwenye stoo. Nikitia pazia, watasema tunaficha kitu. Lazima kioo."

Tukaenda Bagira kupima. Hapo tena nawakumbusha: pimeni fremu, msipime kioo kilichovunjika, na pimeni juu, katikati na chini, kwa sababu chuma kilichong'olewa kwingine hakikai mraba. Kisha punguzeni kidogo kila upande. Kioo kikigusa chuma, jua la mchana likipasha chuma, mtasikia mlio mkiwa mmeshalipwa na mmeshakula. Tulikilaza juu ya vipande vidogo vya ngozi ya kiatu. Ninyi mna mpira wa dukani. Ngozi ya kiatu ilidumu zaidi, lakini sitabishana.

Wakati tunapima, Odile alikaa chini karibu na reli akaniuliza kwa nini mchana ukisimama nje kioo kinakuonyesha wewe mwenyewe, na usiku kinamwonyesha yule aliye ndani. Nilimweleza. Akaniuliza kwa nini mbuzi hakujua. Nilimweleza. Akaniuliza kama mbuzi angejua kama angekuwa amesoma. Nikamtazama Papa Bisimwa, naye akasema hatimaye amepatikana mtu wa kumlipizia kisasi cha maswali yangu.

Tukaenda na Deo Ibanda, kwenye duka la vioo la Mgiriki mmoja. Alinyoosha mikono. Kioo cheupe cha ukubwa ule hakuna. Lori lake limekwama kwenye matope njia ya Ruzizi, na hata likifika, nusu ya makasha yatakuwa changarawe. Alichokuwa nacho cha ukubwa ule ni kioo cha mawimbi, kile chenye uso kama maji yaliyopigwa na mvua, kinachopitisha mwanga lakini mtu aliye nyuma yake unamwona kama doa la rangi. Kilikuwa kimebaki baada ya ujenzi wa hoteli.

Hapa naomba iandikwe kwamba nilisema. Nilikaa bweni la chuo kikuu, nikaoga nyuma ya kioo kama hicho. Nikawaambia waziwazi kwamba kwa wazungu hiki ni kioo cha bafu na choo, na mzungu akikiona atawaza choo.

Papa Bisimwa akapitisha kiganja juu yake. "Kioo haijui iko wapi," akasema.

Deo aliinama akatazama kupitia kioo kile. Halafu niliona uso wake unafunguka. Akatuuliza, taratibu, kama mtu akiwa ndani anakula, aliye nje barazani atamwona? Papa Bisimwa akasema ataona rangi tu. Hataona mdomo? Hataona mdomo. Tangu Koko afike, Deo alikuwa anakula barazani amegeukia migomba, na Koko anakula jikoni amegeukia ukuta, na mvua ikinyesha mmoja wao alilala ameshiba lakini ana baridi. Akasema, "Nipe hiyo hiyo."

Tukakata, tukabeba hadi Bagira tukiwa tumekifunga kwa majani makavu ya migomba, ukingo ukielekea upepo. Mastiki ya kushikiza kioo kwenye fremu tulikuwa tunaitengeneza wenyewe, unga wa chaki na mafuta ya kitani, unakanda kama ugali mpaka isishike kidole. Magurudumu ya zamani yalikuwa yamelika upande mmoja kama visigino vya padre. Papa Bisimwa alichonga mapya kwa shaba ya bomba bovu. Tulipoupandisha mlango katika reli, Maman Régine aliusukuma kwa kidole, ukaenda mpaka mwisho bila sauti, akapiga vigelegele vidogo, vya ndani ya pua, kwa sababu mama yake alikuwa amelala.

Siku ya wageni Deo alituomba tuwepo. Mastiki ilikuwa haijashika vizuri na aliogopa mlango usije ukamwaibisha. Tukasimama pembeni ya baraza na kitambaa chetu na kopo la mafuta ya kitani. Odile alikuwa barazani nasi, amevalishwa viatu, amesukwa nywele, amekatazwa kukaa ili gauni lisikunjike. Meza ilikuwa imetandikwa sebuleni: kitambaa cheupe, sahani, uma, ndizi zilizopikwa na samaki wa kisiwa cha Idjwi, ili wageni waone jinsi familia inavyokula. Koko aliombwa, kupitia binti yake, abaki chumbani mpaka mambo yaishe.

Wageni walichelewa. Hilo ndilo lililoharibu kila kitu, au lililotengeneza kila kitu, mtaamua wenyewe. Koko alikaa chumbani mpaka harufu ya samaki ikamchosha. Alijua mkwe wake yuko barazani. Alijua pia, kwa sababu binti yake alimweleza na akajaribu mwenyewe, kwamba kile kioo kinaficha. Akatoka polepole, akavuta kiti, akakaa mezani, akaanza kula. Maman Régine alikuwa jikoni anachuja kahawa. Sisi tulio barazani tuliona doa la rangi ya kitenge chekundu linashuka na kukaa. Deo aligeuka haraka akatazama migomba. Na wakati huo huo wageni wakafungua lango.

Walikuwa wawili. Mwanaume mrefu mwenye kiko, aliyeitwa Mesie Mkaguzi, na mwanamke wa makamo mwenye kofia ya majani, Mamzeli wa shule. Walisalimu vizuri. Kisha mkaguzi akaona mlango. Akaona kioo cha mawimbi. Akaona nyuma yake mtu amekaa, ameinama mbele kidogo, hasogei isipokuwa mkono.

Akageuka ghafla, akaitazama migomba. Mamzeli akaona naye, akageuka. Deo alikuwa tayari anaitazama migomba kwa sababu zake. Basi walisimama watatu kwenye mstari mmoja, mgongo kwa nyumba, wakiiangalia migomba kama inayotoa hotuba. Mkaguzi akasema mvua mwaka huu imekuja mapema. Deo akakubali. Mamzeli akasifu migomba. Deo akashukuru.

Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kifaransa, nami naweka hapa kwa lugha yetu. Deo akajikaza akasema, "Tafadhali, karibuni ndani."

"Hapana, hapana," akasema mkaguzi. "Hatuna haraka. Tutangoja."

"Mlango haujafungwa. Mnausukuma tu."

Masikio ya mkaguzi yakabadilika rangi. "Bwana, kuna mtu ndani."

"Ndiyo, lakini haina shida," akasema Deo, macho bado kwenye migomba. "Anakula tu."

Mamzeli akageuza kichwa. "Anakula?"

"Ndiyo, Mamzeli."

"Mle ndani?"

"Siku hizi anakulia humo. Zamani ilikuwa jikoni, lakini hapa amependa zaidi."

Papa Bisimwa hakujua Kifaransa. Akaninong'oneza nimwambie wanasema nini. Nilikuwa nimejifunika mdomo kwa kitambaa cha mafuta.

Mkaguzi akatoa kiko mdomoni. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayekusanya ukweli wa kusikitisha, ni nani huyo mtu. Hapo Deo alifika mwisho wa dunia. Jina hawezi kulitamka. Akasema ni mtu wa nyumbani. Mtu gani wa nyumbani? Mtu wa siku zote. Jina lake? Deo akarudia habari za mvua. Mkaguzi akamtazama Mamzeli, na mimi niliona shule ya Odile inaondoka pale barazani, inashuka ngazi, inapita lango. Nikapiga hatua moja kwenda mbele nieleze. Sikuwahi.

"Ni Koko wangu," akasema Odile. "Anakula samaki. Mtaona." Na kabla mtu hajamshika, akausukuma mlango.

Lazima niseme kama fundi kwamba ulikwenda vizuri sana. Hakuna mlango wa Ibanda uliofunguka hivyo. Na mle ndani, katika mwanga wote wa mchana, Koko M'Birindwa alikuwa ameketi mezani, uma hewani, shavu moja limejaa.

Deo alijigonga ukuta akigeuka, akabaki hapo, paji la uso kwenye chokaa, mikono juu ya macho. Koko alivuta kitenge kikamfunika kichwa chote, uma ukabaki nje. Maman Régine alitokea jikoni na sinia la kahawa, akaona, akarudi jikoni.

Mkaguzi akatazama sebule, meza, kitambaa cheupe, sahani. Akatazama mtu aliyefunikwa. Akatazama mwenye nyumba anayeubusu ukuta. "Basi si choo," akasema polepole.

"Choo iko nyuma," akasema Odile. "Hii ni salon. Umefikiri Koko anakula chooni?"

Mkaguzi akageukia mgongo wa Deo. Akamuuliza Odile baba yake ana nini, anaumwa?

"Haumwi. Yeye na Koko hawaonani wakila. Sasa amemwona."

"Kwa nini wanajificha hivyo, mtoto wangu?"

"Hawajifichi. Wanaheshimiana." Odile akamtazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kiko. "Wewe, mama ya mke wako, unakula naye?"

"Kila Jumapili."

"Na munapatana?"

Mkaguzi alirudisha kiko mdomoni. Akakitoa. Akatazama ndani yake kama jibu limo humo. Mamzeli alisubiri jibu pamoja na Odile, kwa uso wa mtu anayelijua, kisha kofia yake ya majani ikaanza kutikisika, akatafuta kiti cha baraza akakaa, akacheka mpaka akavua miwani. Nilishangaa kwamba mkaguzi hakukasirika. Alisema tu, akimwangalia mwenzake, kwamba Jumapili ni siku ndefu.

Baada ya hapo Mamzeli alifanya kazi yake kama inavyopaswa. Aliingia, akaomba radhi kwa lile doa jekundu lililokuwa kimya chini ya kitenge, akatazama kitanda cha Odile, vitabu vyake, na jiko. Alimwomba asome ukurasa. Odile alisoma, kisha akamuuliza kwa nini mfalme wa hadithi ile hana kazi. Mamzeli akafunga kitabu. Kwenye ngazi ya baraza aliinama akamwambia kwamba Septemba aje na aproni, na asilete mbuzi, maana habari za mbuzi zilikuwa zimeshafika hata kwao. Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. Waliuaga mgongo wa Deo, wakaenda.

Nikausukuma mlango ukajifunga, ili Koko apumue. Ndipo Maman Régine alipotoka jikoni akikimbia, akamzungusha Odile barazani, na Deo akaweza kugeuka kutoka ukutani. Alikuwa na chokaa kwenye paji la uso. Alisikia kila kitu. Alitaka kupiga kelele, lakini mama mkwe yuko hatua chache tu kutoka kwake, na mtu hapigi kelele mbele ya mama mkwe. Basi akaanza kucheza bila sauti, mabega tu, kisha miguu, tai ikiruka, macho kwenye migomba.

Na nyuma ya kioo, lile doa jekundu likasimama. Likanyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe, jinsi wanawake wa Kabare wanavyocheza mavuno yakijaa, likaanza kupiga sakafu. Yule ndani, huyu nje, kioo katikati, kila mmoja akidhani anacheza peke yake na heshima iko mahali pake. Sakafu ilitetema. Fremu ikaanza kulia.

Papa Bisimwa hakutazama ngoma. Alitazama kona za mlango. "Juu-ya-Nini," akasema, "uende uwaambie wacheze polepole. Mastiki ingali mubichi."

Nikamuuliza nianze na nani, maana nikimwambia mmoja atajua kwamba mwenzake anacheza.

Akafikiri. Kisha akaweka kiganja chake kwenye fremu upande mmoja, nami nikaweka changu upande wa pili, tukaushikilia mlango hivyo hivyo mpaka walipochoka.